Nimefunga throto bodi ya mm 70, mpira wa hewa ni ule ule wa kiwandani: sailensi iko juu na gari halivuti chini

MwanaEK (mleta mada) #1

Wakuu habari za jioni.

Nina Civic EK, injini B16A ya sisi 1,595, kebo ya kawaida, hakuna umeme kwenye pedali. Throto iliyokuja nayo, yaani lango la hewa ya injini lenye kisahani (kipepeo) kinachofunguka kwa pedali, ni mm 60. Mwezi uliopita nikapata ya kuagiza, mm 70, haina jina la maana, ila imechongwa vizuri na kipepeo kinafunga.

Shida ilianzia kwenye mpira wa hewa. Mdomo wa throto mpya kwa nje nimeupima kwa venia, ni mm 77. Mpira wa kiwandani umezoea kuvaa kitu cha mm 66 hivi. Nikauloweka kwenye maji ya moto, nikaulazimisha, ukaingia. Siku ya tatu ukachanika pale kwenye mikunjo. Nikanunua ridyusa ya silikoni, upande mmoja 76 upande mmoja 63, urefu wake kama mm 76, nikaiunganisha na lile bomba la zamani la plastiki. Klipu mbili, imekaza.

Sasa hivi:
sailensi (mizunguko kwa dakika bila kukanyaga mafuta) ni 1,500, zamani ilikuwa 750;
kuna mluzi nikikanyaga mafuta kidogo, kati ya mizunguko 2,000 na 3,000;
chini ya 4,000 gari zito, juu ya 6,000 naona limechangamka kuliko mwanzo.

Taa ya cheki injini haijawaka. Fundi wangu anasema nibadilishe bomba lote mpaka kwenye ea klina liwe la inchi 3. Kabla sijatoa hela nyingine, naomba mawazo. Tatizo ni bomba, au kuna kitu nimekosea?

Juma_Taa #2

Picha mkuu. Hasa pale ridyusa inapokutana na throto.

Fundi_Gerezani #3

Hiyo ni hewa ya wizi, usizunguke. Ridyusa ya 76 kwenye mdomo wa 77 inavutika upande mmoja na kuacha nafasi upande wa pili. Hewa inaingia bila kupimwa, kontrol boksi inachanganyikiwa, sailensi inapanda. Chukua maji ya sabuni, nyunyiza kwenye maungio injini ikiwa inanguruma. Sailensi ikibadilika hata kidogo, umepata jibu. Usitumie dawa ya kusafishia breki kama wanavyofanya vijana, manifoldi ya moshi iko hapo hapo, utawasha gari.

Vakyumu_Mbeya #4

Fundi, shikamoo, ila hapa naomba nisahihishe kidogo, maana mleta mada asije akatumia wiki nzima kukaza klipu.

B16A haina mita ya hewa. Ina sensa ya MAP, na inasoma mvuto ulioko NYUMA ya kipepeo, ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Hewa ikiingia kwa tundu kwenye ridyusa bado iko mbele ya kipepeo, na lazima ipite kwenye kipepeo kile kile kilichofungwa. Haiwezi kupandisha sailensi. Unaweza hata kuvua bomba lote ukaacha mdomo wa throto bila kitu, sailensi ikabaki pale pale.

Maelezo yako ni sahihi kabisa kwa Subaru au Toyota yenye mita ya hewa karibu na ea klina. Huko tundu kati ya mita na throto ni hewa isiyohesabiwa: injini inakosa mafuta, sailensi inayumba, inakuja kodi ya hitilafu P0171. Kwa Honda hii tafuta tundu nyuma ya kipepeo: gasketi ya throto, hozi za vakyumu, valvu ya sailensi.

Mluzi ndio unaweza kutoka kwenye ridyusa. Sailensi, hapana.

Fundi_Gerezani #5

Marahaba. Umeniweka sawa, mimi siku nzima niko na Forester. Basi MwanaEK, gasketi uliyoweka ni ya tundu la 60 au la 70?

MwanaEK #6

Ya zamani, ya 60. Nilikata kwa wembe ikae 70.

Mama_Kerezo #7

Umekata kwa wembe. Hapo ndipo penyewe.

Nina karakana ya kukereza vyuma Arusha na kazi za namna hii huletwa kwangu. Flanji ya throto ni ile ile, boliti nne mahali pale pale, lakini tundu limekua kwa mm 5 kila upande. Nyama ya kuziba iliyobaki kati ya tundu na njia za pembeni ni nyembamba. Gasketi ya karatasi ikiwa nyembamba hivyo, mvuto wa sailensi unaila, inapinda ndani kama ulimi. Nimewahi kufungua moja, kipande cha gasketi urefu wa kidole kilikuwa kinacheza ndani ya manifoldi. Kingemezwa kingeishia kwenye valvu.

Swali la pili: mdomo wa manifoldi yako uliupanua? Maana throto 70, manifoldi 60, hewa ikitoka kwenye kipepeo inagonga ukuta wa mm 5 mzunguko mzima. Watu wanahangaika na mpira wa mbele wanasahau ngazi iliyoko nyuma.

Hesabu_Kwanza #8

Nataka tuweke namba mezani kabla hatujaendelea na "nahisi".

Tundu la 60 lina eneo la mm za mraba 2,827. La 70 ni 3,848. Ongezeko asilimia 36, linavutia kulisikia. La 63, yaani mdomo mdogo wa ridyusa yako, ni 3,117.

Injini ya lita 1.6 kwenye mizunguko 8,000 inajaza silinda zake mara 4,000 kwa dakika, kwa hiyo inavuta lita 6,400 kwa dakika ikijaa kabisa. Ni kama lita 107 kwa sekunde. Kwenye tundu la 60 hewa inapita kwa mita 38 kwa sekunde. Kwenye la 70, mita 28. Zote mbili ni mwendo mdogo, sauti inakwenda zaidi ya mita 340. Ya 60 haikuwa inaikaba hii injini kwa kiasi cha kutisha. Na kwa kuwa umeacha 63 mbele na 60 nyuma, hewa bado inapita kwenye mlango wa zamani. Umepanua korido ya katikati, milango miwili imebaki ilivyokuwa.

Nakubaliana na fundi wako kwamba bomba ni jembamba kuliko throto. Sikubaliani kwamba kubadilisha bomba peke yake kutaleta nguvu za farasi.

Ngara_Boy #9

Sasa Hesabu, wewe na namba zako. Mimi niko Nairobi, nilikuwa na 70 kwa B16 ile ile, intake nikatengenezewa pale Grogan, bomba la inchi 3 kutoka filta mpaka throto. Hakuna ridyusa, hakuna kona mbaya. Na bado chini ilikufa. Nikirudi town kwa jam ilikuwa ni kuteseka. Nikaweka throto ya 62 ya Honda Type R, gari ikaamka. Kasi ya hewa ni kitu ya ukweli. Ukifanya bomba kubwa hewa inalala.

Vakyumu_Mbeya #10

Kasi ya hewa inayojaza silinda ni ile ya kwenye mikono ya manifoldi na kwenye pango la valvu. Throto iko kabla ya chumba cha manifoldi. Hewa ikifika chumbani inatulia, halafu ndiyo inagawanywa. Sioni jinsi mm 10 za throto zinavyoweza kuilaza.

Ngara_Boy #11

Huoni lakini mimi niliendesha.

Pedali_Nyepesi #12

Naomba niingie hapo katikati, nadhani mnasema kweli wote wawili.

Kipepeo hakifunguki kwa usawa. Kikizunguka nyuzi 30 kimefungua kama asilimia 13 tu ya tundu. Kwenye 60 hiyo ni mm za mraba 380 hivi, kwenye 70 ni zaidi ya 510. Mguu ni ule ule, hewa ni theluthi zaidi. Kwa hiyo siku ya kwanza ukigusa pedali gari linaruka, unasema hii throto ni moto.

Sasa fikiria mizunguko 2,500. Injini inahitaji chini ya theluthi ya hewa ile ya 8,000. Ukifika nusu ya pedali, throto kubwa imeshampa injini karibu kila alichoomba. Nusu iliyobaki ya pedali unakanyaga, hakuna kinachoongezeka. Mguu unasoma hivyo kama uzito. Nguvu haijapungua, imehamia mwanzo wa pedali.

Jaribu hivi MwanaEK: gia ya tatu, mizunguko 2,500, kanyaga mpaka chini kabisa, usiwe nusu nusu. Kama linavuta sawa na zamani, ni pedali. Kama ni zito hata pedali ikiwa chini, kuna kitu kingine.

Rally_Iringa #13

Mnakumbuka magari ya WRC, rali ya dunia, ya 2017? Yaliruhusiwa kizuizi cha hewa cha mm 36, kutoka 33, na nguvu zikafika kama farasi 380. Hewa yote ya injini inapita kwenye tundu la mm 36! Wewe una 60 unalia. Tundu dogo halijawahi kuua gari lenye injini nzuri.

Hesabu_Kwanza #14

Rally, ule ni mfano mzuri kwa sababu tofauti na uliyoitaja. Zile injini zina tabo, na tabo iko nyuma ya kile kizuizi, inavuta kwa nguvu mpaka hewa inafika mwendo wa sauti pale kwenye 36, baada ya hapo haiongezeki hata uvute vipi. Injini ya kuvuta yenyewe kama B16 haina msaada huo, ukiibana hivyo itakufa mapema.

Ila angalia umbo la kizuizi kile. Hakikuwa kisahani chenye tundu. Kinaingia kwa mviringo laini, kinabana, halafu kinapanuka taratibu sana kama tarumbeta, ili hewa irudishe presha yake. Umbo ndilo linalobeba. Hewa inavumilia kubanwa, haivumilii kupanuka kwa ghafla. Hesabu za kawaida za bomba linalopanuka zinataka pembe nzima ya nyuzi 7 hivi. Ridyusa ya MwanaEK, kutoka 63 kwenda 76 ndani ya mm 76, inatoa kama nyuzi 10. Siyo nzuri sana, siyo ya kutisha.

Mama_Kerezo #15

Hesabu yako ya pembe iko sawa, lakini hebu fikiria ukiwa umeingiza kidole ndani ya ile ridyusa.

Hewa inatoka 63, inapanuka mpaka 76. Pale inakutana na mdomo wa throto. Mdomo kwa nje ni 77, kwa ndani 70. Maana yake ukuta wa mdomo una unene wa mm 3 na nusu, umekatwa butu, na unatazamana na hewa uso kwa uso. Hewa ya pembeni inagonga huo ukingo. Na kama throto haijaingia mpaka mwisho wa sehemu iliyonyooka ya ridyusa, kunabaki mfereji kuzunguka, pango dogo la mm chache. Ukingo butu pamoja na pango: hiyo ni filimbi. Mluzi wako uko hapo, na ndiyo maana unalia kipepeo kikiwa kimefunguka kidogo tu na hewa inapita kwa kujibana.

Dawa yake: vua, chonga ukingo wa ndani wa mdomo uwe mviringo, piga msasa mwembamba, osha vumbi la aluminiamu lote kabla hujarudisha. Kisha kata silikoni ili throto iingie hadi pale mteremko unapoanzia, pasibaki mfereji. Kazi ya nusu saa.

Kisauni_Mdogo #16

Mama Kerezo amesema vizuri, na mimi naongeza la usalama kwa sababu lilinikuta.

Gari lilikuwa Integra, throto 68, ridyusa ya silikoni na zile klipu za boliti ndefu. Nilikaza nikaacha boliti imeangalia chini upande wa kebo. Ikiwa imezimwa nilijaribu, kipepeo kinafunguka na kurudi, safi. Sasa injini inapojivuta, inaegemea. Natoka Nyali kuingia daraja nikakanyaga mpaka chini kupita matatu, nikaachia, na gari likaendelea kuvuta. Mkono wa kipepeo ulikuwa umenasa kwenye ncha ya ile boliti. Nilikanyaga klachi, injini ikapiga kelele mpaka kwenye kikomo, nikazima ufunguo na kujiburuza pembeni. Mikono ilitetemeka nusu saa.

Mtu yeyote anayefunga mdomo mkubwa kwenye bomba la zamani: geuza boliti ya klipu iangalie juu au upande ule mwingine. Halafu mtu akae ndani akanyage mpaka chini, wewe shika injini uisukume mbele na nyuma kwa mkono, uangalie kama kuna kinachogusa. Fanya hivyo na kebo nayo, usiikaze, iache ilegee kidogo.

Juma_Taa #17

Pole sana kaka. Hii iwekwe juu kabisa ya uzi.

Muscat_Patrol #18

Salaam kutoka Maskati. Huku throto kubwa ni jambo la kawaida kwenye Patrol za TB48, lita 4.8, vijana wa mchangani hawalali. Ila ile throto ni ya umeme, kwa hiyo ukiongeza tundu bila kurekebisha kontrol boksi sailensi inakuwa wazimu, lazima ifundishwe upya. MwanaEK una bahati na kebo yako.

Langu ni vumbi. Vakyumu amesema tundu mbele ya kipepeo halipandishi sailensi kwa Honda. Kweli, na ndiyo hatari yake, kwa sababu gari halikwambii kitu. Ndugu yangu mmoja alifunga mpira uliobanwa kwa nguvu kama ule wako wa maji ya moto, ukaacha upenyo mwembamba upande wa chini usioonekana. Baada ya wiki mbili za mchanga nikapitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba baada ya ungio: kilitoka na mstari wa udongo wa kahawia, laini kama unga. Kabla ya ungio, kitambaa kikatoka kisafi. Injini ilikuwa inakula ule unga kila siku bila taa yoyote kuwaka. Fanya jaribio la kitambaa kila ukibadilisha kitu hapo. Halina gharama.

Babu_Corolla #19

Mimi sina Honda, nina Corolla 110 yenye injini ya 5A, nilifanya kitu kinachofanana. Ungio nililitengeneza kwa kipande cha mpira wa rejeta. Kwenye sailensi safi. Nikipanda mlima Kitonga, gia ya pili, mizunguko juu, ghafla gari linakosa pumzi. Nikaja kumwambia kijana afungue boneti akanyage: mpira ulikuwa unajifinya wenyewe, umebonyea kama chupa ya maji unapoifyonza. Mpira wa rejeta umetengenezwa kuhimili presha ya kutoka ndani. Kuvutwa hauwezi, hasa ukipata moto. Angalia silikoni yako ina tabaka ngapi za kitambaa, na isiwe na sehemu ndefu iliyonyooka bila kushikwa.

Spea_Temeke #20

Babu, na mafuta yale ya hozi ya kupumulia injini. Silikoni ya kawaida haipatani na mvuke wa oili, inalainika na kuvimba. Kama hozi ya kupumulia inaingia kwenye bomba kabla ya ridyusa, kila baada ya miezi miwili fungua uangalie.

MwanaEK #21

Ahsanteni wote. Nimerudi na majibu, mengine yamenishangaza.

Nimevua throto. Mama Kerezo, ulikuwa kama umeona: gasketi imepinda kuingia ndani, upande wa chini kulia, kipande cha ukubwa wa kucha. Nimechongesha nyingine nene zaidi, karatasi ya gasketi ya kweli, kwa alama ya flanji yenyewe. Sailensi ikashuka mpaka 1,000.

Ikabaki 1,000. Nikapima sensa ya kipepeo: kikiwa kimefungwa ilikuwa volti 0.72. Kumbe nilipohamisha sensa kutoka throto ya zamani niliikaza popote. Nimeilegeza nikaizungusha mpaka ikasoma 0.5, kipepeo kikiwa wazi kabisa inasoma 4.5. Sasa sailensi ni 800, inatulia.

Mluzi: nimechonga ukingo, nimekata silikoni. Umepungua sana, unasikika tu ukifungua dirisha.

Manifoldi sijaipanua, bado ni 60. Na boliti ya klipu ilikuwa inaangalia chini kama ya Kisauni. Nimeigeuza. Mungu akubariki kaka.

Lakini chini bado zito. Nimefanya jaribio la Pedali, gia ya tatu, 2,500, pedali mpaka chini. Zito.

Ngara_Boy #22

Nilisema. Hewa inalala.

Vakyumu_Mbeya #23

Au ile ngazi ya manifoldi. Panua kwanza ndipo tuhukumu.

Hesabu_Kwanza #24

Ngazi ya manifoldi ingeumiza juu, mizunguko 7,000, ambako hewa ni nyingi. Anasema juu limechangamka. Haiendani.

Toronto_Mchaga #25

Huku kuna kisa cha zamani cha Mustang 5.0 za 1989 hadi 1993. Throto ya kiwandani mm 60, mita ya hewa mbele yake mm 55. Watu wengi walikuwa wananunua throto ya 70 hata 75, wanaiweka nyuma ya ile mita ya 55, kisha wanalalamika hawaoni kitu. Waliobadilisha mita bila kurekebisha kompyuta wakaharibu mchanganyiko wa mafuta, kwa sababu mita inasoma mwendo wa hewa kwenye bomba la kipenyo fulani, ukibadili kipenyo inadanganya. Somo ni kwamba kila kitu kabla na baada kilitakiwa kukua pamoja, na kwa mpangilio. Sijui kama linaeleza uzito wa chini wa Honda yako, lakini nisingenunua bomba kabla ya kugusa manifoldi.

Eldoret_Juu #26

Hakuna aliyeuliza urefu kutoka baharini? Ngara Boy yuko Nairobi, karibu mita 1,700 na zaidi, mleta mada yuko Dar. Huku juu hewa ni nyepesi, throto kubwa inasaidia injini kupata zaidi. Msilinganishe.

Hesabu_Kwanza #27

Injini inavuta ujazo ule ule kwa kila mzunguko, iwe Dar au Eldoret. Hewa ikiwa nyepesi, msuguano wake kwenye throto ni mdogo zaidi. Kama kuna mahali throto kubwa inahitajika kidogo zaidi kuliko kwingine, ni pwani. Nguvu zilizopotea kwa urefu hazirudishwi na tundu, labda na tabo.

Eldoret_Juu #28

Basi kwa nini yangu ilibadilika nilipoweka 65?

Pedali_Nyepesi #29

Mguu, mkuu. Rudi posti namba 12.

Fundi_Gerezani #30

Nimerudi. MwanaEK, nina swali moja tu. Kwenye bomba la kiwandani kuna boksi tupu la plastiki, linakaa upande wa fenda, halina filta, halina kitu. Bado lipo?

MwanaEK #31

Halipo. Ridyusa ilirefusha bomba likasogea kama sentimita 4, boksi likawa linagusa betri. Nikalitoa, tundu nikaziba kwa kofia ya mpira. Nilisoma ni la kupunguza kelele tu.

Fundi_Gerezani #32

Hapo sasa. Valvu zikifunguka na kufunga zinatuma mawimbi ndani ya bomba, yanakwenda na kurudi. Kiwanda kinapima urefu wa bomba na ukubwa wa boksi, wimbi zuri lirudi kwenye mizunguko ambayo watu wanaendeshea kila siku. Wewe umebadilisha urefu, umetoa boksi. Juu limechangamka, chini limekufa. Mimi nimeona hivyo kwenye Toyota nyingi tu zilizokatwa boksi, hazina hata throto kubwa.

Vakyumu_Mbeya #33

Boksi lile ni la mngurumo. Mawimbi ya maana yako kwenye mikono ya manifoldi, kama nilivyosema.

Mama_Kerezo #34

Vakyumu, yote yanaweza kuwa. Boksi linaua mngurumo wa masafa fulani kwa sababu linagusa wimbi. Likigusa wimbi la sauti limegusa hewa. Swali ni kiasi gani, na hilo halijibiwi kwa kuandika.

Joto_Dodoma #35

Na bomba limesogea sentimita 4 kuelekea wapi? Kama ni kuelekea rejeta, anavuta hewa ya moto. Hapo umeshapoteza kabla hatujafika kwenye throto.

MwanaEK #36

Ea klina haijahama, mdomo wake bado uko kwenye fenda. Kilichosogea ni katikati tu.

Leo alfajiri nimejaribu barabara ya Pugu, pale kwenye mteremko, nikiwa napanda. Gia ya pili, kutoka 3,000 hadi 5,000, pedali chini, rafiki anarekodi dashibodi kwa simu tunahesabu baadaye. Bila boksi, mara tatu: sekunde 4.1, 4.2, 4.1. Nikalirudisha boksi kwa kulifunga na kamba pembeni ya betri: 4.0, 3.9, 4.1.

Fundi_Gerezani #37

Umeona.

Hesabu_Kwanza #38

Ameona nini, fundi? Tofauti ni sehemu ya kumi ya sekunde na makosa ya kuhesabu simu ni hayo hayo. Mafuta yamepungua tangi, jua limepanda. Na bado hatuna kipimo cha throto ya 60 kwenye barabara ile ile. Tunalinganisha 70 na kumbukumbu.

Ngara_Boy #39

Hapo hata mimi nakubali. Weka ya 60, mlima ule ule, saa ile ile.

MwanaEK #40

Ya 60 nilishaiuza ili kuongezea hela ya hii. Kuna mwenye throto nzima ya B16 au B18C niazime siku moja? Jumapili, saa 12 asubuhi, niko Pugu. Nitapima 70 na boksi, 70 bila boksi, 60 na boksi, 60 bila boksi, mara tano kila moja.

Spea_Temeke #41

Ninayo ya B18C, mm 60, imetolewa kwenye gari zima. Naileta mwenyewe. Njoo na gasketi mbili, na usikate kwa wembe.

Mama_Kerezo #42

Na mpira wa kiwandani? Ule ulichanika.

MwanaEK #43

Nimepata mwingine Ilala leo mchana. Wa mtumba, haujapasuka. Nimeupitishia kitambaa cheupe.